Chale Yako ni ya Kulia

Kulwa,

Sasa hivi mwanao Limi ameilisha simu yako uji. Nilimkalisha mlangoni na kikombe chake, nikageuka kupepeta mchele, mara nasikia anasema, "Kunywa, mama. Kunywa, usimwage." Kugeuka, ameiegemeza simu kwenye mfuko wa mpunga, kijiko amekibandika mdomoni kwa picha, uji unatiririka mpaka ndani ya ule ufa wa kioo. Sikumgombeza. Nimeifuta kwa ncha ya kanga, taratibu, kama unavyomfuta mtu. Uji ulipotoka ikabaki sura inacheka. Nimeitazama weee, nikashindwa kujua kama ni wewe au ni mimi.

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mdogo wetu Shija yuko nje anahangaika na pikipiki yake, cheni imelegea. Akimaliza anakwenda Kahama, na kabla hajaondoka kuna neno inabidi niliseme mbele yake na mbele ya Mama. Hapa nyumbani sijamwambia mtu bado. Nakuambia wewe kwanza, maana mambo yote nilikuwa nakuambia wewe kwanza.

Shikamoo. Ulikuwa unanidai shikamoo kila siku kwa sababu ulinitangulia kutoka tumboni, na mimi nakukatalia, nakwambia umenizidi kwa pumzi moja ya Mama tu, hiyo siyo umri. Leo nakupa. Nimeiandika nikainua kalamu, kama nasubiri uitike.

Limi amekua. Kwa bibi yake anaongea Kisukuma, kwangu Kiswahili, na akiwa peke yake anachanganya. Ile mashine ya kukoboa haimwogopeshi tena, sasa akisikia imezimika ndiyo analia. Mimi ananiita mama. Wewe anakuita mama wa simu. Sikumfundisha hivyo, Kulwa. Alianza mwenyewe, na mara ya kwanza nilipomsikia niliingia ndani nikakaa nyuma ya pazia mpaka nilipoweza kutoka.

Bado nakaa palepale Kagongwa, kwenye kivuli cha mashine, na debe langu. Wateja wengine bado wananitania, "Pacha, wewe ndiye yule wa jana au mwenzio?" Wageni hao, hawajui. Wanaojua hawatanii tena, wananitazama wakidhani sioni. Wakati wa mavuno alikuja mchimbaji mmoja ametokea upande wa Geita, anatafuta mchele wa kupeleka kambini. Aliponiona alivua kofia. Akasema, "Mama Limi?" kwa sauti ndogo sana, mtu mzima yule. Nikamwambia mimi ni Doto, mdogo wake. Akasema alikuwa anakula kwako kila akitoka duarani, kule shimoni kwenye dhahabu, na msiba wako alichangia. Alinunua bila kupunguziwa, halafu akaondoka kinyumenyume, mguu nyuma mguu nyuma, mpaka akafika kwenye gari. Hakunipa mgongo. Nilicheka baadaye, ila siyo sana.

Sasa nikueleze la simu.

Unakumbuka tuliponunua zile mbili, rangi moja, siku moja? Yule fundi pale stendi akauliza tufungue akaunti kwa jina gani, akatutazama, akasema, "Kwani nyie si mtu mmoja?" Wewe ukamwambia, "Tufungulie moja. Tumbo tuligawana, hiyo itatushinda?" Tukacheka mpaka akatufukuza tusimzibie wateja. Basi akaunti ikawa moja. Wewe kule machimboni ukipiga picha sufuria zako, mimi huku Kagongwa naiona sufuria. Nami nikimpiga Limi picha anatambaa, unamwona anatambaa. Ukanipigia siku moja ukasema, "Huyo mtoto umemvisha soksi mguu mmoja, mwingine umeuza?" Nilikuwa nahisi hujaondoka.

Na sasa ndiyo imekuwa taabu, maana simu haijui kwamba umekufa. Asubuhi nawasha, inaniletea kumbukumbu, siku kama ya leo mwaka fulani, na muziki ambao sikuomba. Wewe unakula muhogo. Wewe na mimi tumevaa yale magauni ya maua. Kisha ikaanza kuuliza. Inaweka vichwa viwili kwenye viduara, kimoja wewe, kimoja mimi, inauliza: ni mtu yuleyule, au ni watu tofauti? Naizima. Kesho inauliza tena. Mara nyingine nipo na mteja, nimeshika debe, inauliza mfukoni, inatetemeka kama kitu kinachopumua.

Nilikuwa nasema hata Mama kazaa akashindwa kututofautisha mpaka akachukua wembe. Chale yako juu ya nyusi ya kulia, yangu juu ya nyusi ya kushoto. Alikuwa akituita anaita yote mawili kwa pumzi moja, "Kulwa-Doto," anayetokea anamgeuza uso kwenye mwanga, anatafuta chale, ndipo anajua nani wa kumchapa. Sasa akiita anaanza na jina lako kwa mazoea, halafu anakatisha. Kile kipande anachokiacha hewani ndicho kinachoniumiza.

Siku ya msiba wako ilitakiwa picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Homa ilikuchukua haraka, hakuna aliyekuwa amejiandaa. Shija akachukua simu yako, akafungua mahali inapokusanya sura, akakuta imetuchanganya sote humo. Akampelekea Mama. Mama alikuwa amekaa mkekani, hawezi hata kunyanyua shingo, lakini kwenye picha macho yake yalifanya kazi. Akapitisha kidole, hii siyo, hii siyo, mpaka moja yenye hereni zako zile za dhahabu ndogo. Akatafuta chale. Ikawa kulia. Akasema, "Huyu ndiye Kulwa wangu." Ikapelekwa, ikakatwa mabegani, ikawekwa kwenye fremu. Nyingine ndogo ikatiwa plastiki ikapigiliwa msalabani kule nyumbani Runzewe.

Mimi niliiona fremu inapita mbele yangu. Nilihisi kama nimesimama mbele ya kioo. Nikajiambia ni kawaida, ndivyo nilivyokuwa nakuona siku zote.

Ile fremu Mama aliitundika hapa kwetu sebuleni, akaizungushia rozari. Kila asubuhi akiamka anaisalimia kabla hajatusalimia sisi. "Mwangaluka, Kulwa." Limi ameiga hapohapo, naye anaisalimia. Na tulipokwenda Runzewe kwa misa ya kukuombea nikapita kaburini. Mvua ilikuwa imepenya kwenye plastiki ya msalabani. Mdomo umefutika, shavu moja limekuwa jeupe, yamebaki macho. Yalikuwa yananitazama mimi peke yangu, watu wote wale, mimi peke yangu. Tangu siku hiyo mwili wangu haukuwa sawa. Nasinzia mchana kwenye debe, naamka nimeshika shavu langu. Nikasema ni huzuni tu, itapita.

Sasa mwezi huu Shija amesema tukujengee kaburi. Simenti ipo, vigae vipo, na kule Kahama kuna watu wanachapa picha kwenye kigae, haifutiki hata mvua inyeshe vipi. Akataka picha ileile ya fremu, lakini safi, ile nzima ambayo haijakatwa. Akaniambia niitafute mimi. Simu yako betri imevimba, inazimika yenyewe. Yangu nayo ilikuwa inaandika kila saa kwamba nafasi imejaa, haipokei tena. Nikazibeba zote mbili mpaka steshenari kwa Jeni, yule binti aliyehamia juzijuzi, mwenye kompyuta karibu na soko. Jeni hakukujua. Kwake mimi ni mtu mmoja tu, na nilikaa pale kwenye benchi nikasikia ajabu kuwa mmoja.

Jeni akaniambia picha zetu zimekaa kila mahali. Kuna za ndani ya simu, kuna za kwenye kadi, kuna zilizotumwa zikarudi, kuna zilizopanda juu kwenye akaunti, ndiyo maana imejaa. "Dada, picha moja unayo mara tatu. Tufute zinazojirudia." Akabonyeza, kompyuta ikazipanga mbilimbili, zinazofanana. Ikawa inauliza abakishe ipi. Jeni mkono wake mwepesi, anafuta, anafuta. Mara zikaja mbili, ukuta uleule wa kwa Mama, gauni lilelile la maua, mkono kiunoni vilevile. Kompyuta ikasema hizi ni moja, afute ya pili. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Hizo ni watu wawili." Akanitazama, akatazama kioo, akarudi kunitazama. Akatoa mkono kwenye kompyuta kabisa, akauweka mapajani. Ndipo nikamweleza kuhusu wewe.

Baada ya hapo tulienda polepole. Alinisogeza karibu nione kila moja kabla hajagusa.

Tukaifikia ile ya fremu, nzima. Tangu msiba nilikuwa sijaitazama ikiwa nzima. Chini ya mabega kuna gauni langu la kijani, lile ambalo hukuwahi kulivaa kwa sababu ulisema linakufanya kama bamia. Nyuma kuna mfuko wa mchele umesimama, na maandishi ya mfuko yamegeuka, yanasomeka kinyume kama yameandikwa na mtoto anayejifunza. Jeni akasema, "Hii imepigwa na kamera ya mbele. Simu hii inageuza kama kioo. Kulia inakuwa kushoto." Sikuelewa. Akaiwasha simu yako ikiwa kwenye chaja, akaishika mbele ya uso wangu, akanipiga picha, akanionyesha.

Kulwa, nilikuona. Chale ilikuwa imehamia upande wako. Umekaa kwenye benchi la Jeni, umevaa blauzi yangu, macho yamevimba, uko hai.

Nikagusa nyusi yangu kwa kidole. Halafu mambo yakaanza kurudi moja moja. Ulikuja Pasaka, ukanivika hereni zako, ukaniambia, "Jipige picha uone ulivyopendeza, mshamba wewe." Nikajipiga kwa simu yako. Ndiyo hiyo. Ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza lako. Nimelia mbele ya sura yangu mwenyewe. Ndiyo Mama anaisalimia kila asubuhi, na kule Runzewe mvua ilikuwa inakula mdomo wangu mimi.

Jeni ni mwema. Akasema, "Acha tu dada, nani atajua? Mnafanana." Nilitaka kumkubalia. Nilijua Mama akisikia atasema nini. Atasema tumemzika aliye hai, atasema ndiyo maana Doto anasinzia mchana. Na chale ni mkono wake mwenyewe, kitu pekee alichokuwa na uhakika nacho. Nikafikiria kigae, simenti, mimi natazama juu kutoka kaburini kwako miaka yote. Hilo nalo ningelivumilia, nadhani. Ila Limi. Limi atakuja kusimama pale akiwa mkubwa, na maua yake, ataongea na mama yake, na sura itakayomsikiliza ni yangu. Wewe hutakuwa popote. Baba yake alihamia machimbo mengine kabla hajazaliwa, wewe mwenyewe ulikuwa mbali unawapikia watu ili yeye avae. Ana nini kingine cha kwako kama siyo sura?

Nikamwambia Jeni tuendelee kutafuta.

Na hapa ndipo kuna jambo zuri, nataka ulisikie. Kama simu yako inageuza, basi zile zote ulizojipiga mwenyewe chale imeonekana kushoto. Nilikuwa nazipita. Tangu ulipoondoka nilikuwa nafungua simu nakutafuta, nikiona chale ya kushoto najisemea hii ni mimi, napita, nalalamika umeacha picha chache. Kumbe ni wewe. Wewe juu ya lori la Isaka, wewe na mtandio wa Mama, wewe umebinua midomo, wewe umemshika Limi mchanga na umefumba macho kwa sababu yeye amekulalia kidevuni. Nilidhani ile ni mimi, Kulwa. Nilisema hata sikumbuki nilimbeba lini hivyo. Tulizihesabu mimi na Jeni tukaacha kuhesabu.

Lakini ya kaburini nilitaka isiyogeuzwa, chale ikae ilipowekwa na Mama, asiwe na shaka tena. Jeni akaingia kule juu kwenye akaunti, akashuka chini kabisa. Akaikuta. Sijui kama utafurahi. Ni ile uliyopigwa na mchimbaji mmoja pale kwenye banda lako la chakula, umechuchumaa kwenye mafiga, jicho moja limefumba kwa moshi, kilemba kimeteleza, mdomo uko wazi unamfokea mtu ambaye haonekani, mwiko juu. Uliniambia, "Nimeifuta ile, nimetoka kama ninaumwa jino." Uliifuta kwenye simu. Juu ilibaki. Nyuma yako kuna ubao umeandikwa CHAKULA KIPO, na maandishi yamesimama sawasawa, yanasomeka. Chale iko kulia. Ni wewe, haina mjadala.

Ulikuwa hutaki hata niitazame. Na mimi ndiyo ninayotaka kuijengea kaburini kwako.

Jeni alinichapia kwenye karatasi, nikamwonyesha Limi jana kabla sijamwonyesha mtu mwingine. Nilidhani atasema mama wa simu. Hakusema. Akaitazama, akainamisha kichwa pembeni, akauliza, "Anamgombeza nani?" Nikamwambia sijui, labda mtu ameondoka na sahani. Akasema, "Arudishe." Kisha akashusha sauti, akaiambia picha, "Mama, atarudisha." Hakunitazama mimi alipokuwa anasema mama. Kulwa, niliumia kidogo, nisikufiche, lakini ni maumivu niliyokuwa nayasubiri.

Jeni amenitengenezea mpango. Zako na zangu ziko kwenye kompyuta yake, ziko kwenye flashi ambayo nimeifunga kwenye kitambaa pamoja na cheti cha ubatizo cha Limi, na kule juu tumepunguza zilizojirudia, nafasi imepatikana. Amesema hata simu yako ikifa leo, hakuna kinachopotea. Nimemwambia asante, nikarudia kwa Kisukuma, wabeja, wabeja, mpaka akaona aibu.

Na leo asubuhi simu ikauliza tena. Viduara viwili. Mtu yuleyule, au watu tofauti? Sikuizima. Nimebonyeza watu tofauti. Kidole kilikuwa kizito, kama ninakusukuma ukae mbali nami, maana toka tumeumbwa hakuna aliyewahi kututenga ila wembe wa Mama na kaburi. Ikafikiri. Ikatugawa, huyu huku, huyu kule. Ikaomba jina. Nimeandika Kulwa, kwa herufi kubwa, nikalitazama limekaa chini ya uso wako. Imekosea nyingi bado, imekutia kwangu na mimi imenitia kwako. Nitazihamisha taratibu, nikiwa kwenye debe wateja hawajaja. Kazi hiyo naipenda.

Sasa nimepanga nitakavyosema. Nitamkalisha Mama kwanza. Nitamwambia, Mayu, hukukosea, chale uliiona ilipokuwa, ni simu iliyogeuza. Nitamwambia, yule unayemsalimia ukutani yuko hapa, amekuitikia kila asubuhi kutoka jikoni na hukujua ni yeye. Mtoe ukutani, nani anatundikwa akiwa hai na rozari shingoni. Shija najua atajaribu kutania, ndiye aliyekuwa anasema siku tukifa tuzikwe pamoja ili wasikosee. Safari hii sijui kama atacheka. Na Mama akilia namwacha alie, halafu nampa hii ya moshi, nimwelekeze kwenye mwanga, atafute mwenyewe kwa kidole chake.

Pumzika, mwenzangu. Uliko huko kama kuna anayekuita kwa jina langu, mkatalie. Nakuahidi Limi atakujua. Atakujua kwa chale, atakujua kwa mwiko, atajua kwamba ulikuwa unafoka na dakika hiyohiyo unaongeza mtu mboga. Kwenye kaburi lako utakaa wewe, jicho moja limefumba, na ukinikasirikia kwa hiyo picha nitafurahi, maana nitajua ni wewe uliyekasirika.

Pikipiki imewaka. Mama anaita huko nje, na leo hakukatisha, ameita kama zamani, "Kulwa-Doto," kwa pumzi moja, nami nainuka na picha yako mkononi, nakwenda kumwitikia kwa ajili yetu wote wawili, nikifika tu mlangoni nitamwambia, Mayu, kaa kwanza.